Kipande cha Nyuma ya Uchochoro

Jumapili, 1 Septemba 2024

Daftari hili kanipa Shelley. Kasema, Mama, andika kila kinachotokea mpaka siku mtakayohama, kitakupunguzia wasiwasi. Sijui shajara huanzaje. Maisha yangu yote nimeandika barua tu, kwa marehemu mama, na barua huanza kwa salamu. Basi naanza hivyo hivyo. Hakuna wa kunicheka.

Salamu kwa Clive, mume wangu, aliyelala kitini na gazeti usoni, magoti yanamsumbua tangu aache kuendesha lori la taka. Salamu kwa Shelley, binti yetu wa pekee, aliye Morecambe, mimba ya miezi sita – baada ya miaka tisa ya kungoja na mbili zilizoharibika. Salamu kwa mumewe Neil, ambaye zamu za bandarini hazimpi nafasi hata ya kunyoa. Salamu kwa huyo aliye tumboni, jina bado. Salamu kwa Bernice, jirani wa ukuta kwa ukuta, ingawa jana kaniudhi. Salamu kwa kuku sita wa nyuma ya uchochoro. Mimi ni mzima. Moyo tu ndio unaodunda.

Unadunda kwa sababu jana dalali kapigilia ubao mbele ya nyumba. INAUZWA. Nyumba tuliyoinunua kwa halmashauri mwaka themanini na tisa, mimi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, sijui kusoma mkataba, natia saini palipowekwa kidole. Nilisimama barabarani kuutazama ule ubao kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe gazetini. Bernice akatoka na aproni yake ya nailoni. Mpenzi, kasema, kwa bei hiyo mnauza na ukuta wangu pia?

Tukiuza, tunanunua karibu na Shelley. Daktari kamwambia asinyanyue hata ndoo. Mtoto anatarajiwa mwanzo wa Desemba. Nataka niwe mtaa wa pili, siyo mwendo wa saa mbili kwa gari.

Jumatano, 4 Septemba

Watu wa kwanza wamekuja kuangalia! Nilipiga deki mara tatu. Nikaoka mkate ili nyumba inukie, Shelley ndiye aliyeniambia. Clive kasema wananunua nyumba, hawanunui mkate.

Vijana wawili. Jodie, msusi, anacheka kabla hujamaliza sentensi. Na Dawid wake, fundi umeme, mrefu, anainama kila mlango hata ule usiohitaji. Chumbani walisema mm. Jikoni walisema mm. Nikafa moyo. Kisha nikawafungulia mlango wa nyuma, tukavuka uchochoro, nikawaonyesha kipande changu – banda la kuku, vitunguu, kabichi, ile nyumba ndogo ya vioo aliyoijenga Clive kwa madirisha ya kuokota. Dawid akasimama. Akahesabu hatua. Akamwambia Jodie kwa sauti ya chini: gari langu la kazi linaingia hapa, na bado nafasi inabaki.

Jodie akaniuliza kuku wanabaki? Nikamwambia watatu wanabaki ukitaka, lakini yule mweusi ana hasira.

Ijumaa, 6 Septemba

Wametoa ofa. Karibu yote tuliyoomba! Nilipiga kelele nikiwa jikoni shuleni, mwiko mkononi, watoto mia mbili wanangoja viazi vyao. Mpishi mkuu kadhani nimeungua.

Jioni dalali kabadilisha ubao. Bernice akaja mbio: basi mmeshauza! Nikamwambia Bernice, mpenzi, hapa kwetu kuuza si kuuza. Hivyo ndivyo alivyonieleza wakili. Neno la mdomo halimfungi mtu, hata mkipeana mkono, hata mkilia pamoja. Mpaka siku wanasheria wabadilishane mikataba, yeyote anaweza kuamka asubuhi akasema basi sitaki. Bernice kasema kumbe ni kama ndoa yake ya kwanza.

Wakili wetu ni Bi Farzana Mirza, ofisi iko juu ya duka la miwani. Umri wa Shelley. Anaongea polepole nami, lakini si kama mtu anayeongea na mjinga. Nimempenda.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumeipata. Heysham, kando ya Morecambe. Nyumba ya chini, haina ngazi hata moja, Clive kaingia na kutoka mara nne kufurahia tu. Mlango wa mbele hadi wa Shelley ni dakika kumi na moja – nimepima kwa saa, kwa mwendo wangu, na mfuko wa viazi mkononi ili iwe kweli.

Mwenye nyumba ni Bwana Sedgwick, mjane, anahamia kwa mwanawe. Katupa chai. Kaniuliza kwa nini Heysham. Nikamweleza habari za Shelley, zote, hadi zile mbili zilizoharibika, sijui kwa nini, sikumjua hata nusu saa. Akatazama dirishani. Akasema sawa, nyumba ni yenu, ila mwanangu ananisukuma, sitaweza kungoja mikataba kupita Oktoba.

Bi Mirza anauita mnyororo. Jodie na Dawid wananunua yetu, sisi tunanunua ya Bwana Sedgwick. Pete tatu. Wote siku moja, saa moja, malori barabarani. Pete moja ikikatika, wote tunabaki tulipo.

Shelley kalia kwenye simu. Kilio kizuri.

Jumatatu, 23 Septemba

Fomu. Sijawahi kuona fomu kama hizi. Moja inauliza nini tunaacha na nini tunachukua: mapazia, fimbo za mapazia, balbu, vitasa. Clive anataka kuchukua kiti cha choo. Kakinunua Machi, kasema, hakijamaliza hata mwaka. Nikamwambia Clive, unataka Jodie aje akae juu ya nini? Kasema kila mtu na msimamo wake.

Nyingine inauliza kama tumewahi kugombana na jirani. Lazima useme kweli, usiposema mnunuzi anaweza kukushtaki baadaye. Nikagonga kwa Bernice. Bernice, tuligombana mwaka tisini na nane kuhusu mti wako, niandike? Kasema andika, na uandike kwamba nilishinda. Nikaandika: mti, 1998, uliisha vizuri.

Kisha: nani anatunza ukuta wa kushoto. Nani wa kulia. Je, mnatumia ardhi yoyote nje ya mipaka ya nyumba. Nikaandika ndiyo, kipande cha nyuma ya uchochoro, tangu 1991. Nikaongeza na kuku. Nilijivunia nilivyojaza. Sikuruka hata kisanduku kimoja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bi Mirza kapiga simu nikiwa kazini. Kipande hakimo kwenye ramani ya nyumba yetu. Najua, nikamwambia, hakijawahi kuwemo. Kilikuwa cha Mzee Ormerod, mwenye kile kiwanda cha kufuma kilichofungwa. Tulikuta magurudumu mabovu na miiba, tukasafisha, tukapanda.

Kasema hiyo si shida kubwa. Ardhi ile haijawahi kuandikishwa kwa msajili. Mtu akiishika kama yake miaka kumi na miwili mfululizo, waziwazi, na uzio wake, anaweza kuidai iwe yake. Sisi tuna thelathini na mitatu! Benki ya Jodie na Dawid inataka tamko la kiapo tu, mimi nieleze tumeishikaje. Nije kesho tuliandae.

Nimemwambia Clive: tuna ardhi. Kasema najua, mimi ndiye ninayekata majani yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo nilikuwa ofisini kwa Bi Mirza.

Nilikwenda na picha. Uzio, picha ya 1992. Shelley na ndoo, picha ya 1994. Bi Mirza anafurahi, anaandika haraka. Kisha kauliza: na katika miaka yote hiyo, kuna mtu aliyewahi kukuruhusu kuitumia?

Mimi nikanyoosha mgongo. Nilidhani hilo ndilo jambo zuri kuliko yote. Nikamwambia, ndiyo, bila shaka, sisi si wezi. Kila Krismasi nilimpelekea Mzee Ormerod chupa ya achari ya vitunguu, nikamwuliza, bado hujali, Mzee? Naye kila mwaka anasema, endelea tu, mpenzi.

Akaweka kalamu mezani.

Akasema, Bi Gaynor, ungekuwa mkorofi tungekuwa tumeshamaliza.

Kwa maneno yangu mimi, ni hivi. Aliyeingia bila kuomba, akafunga uzio, akakaa kimya – huyo sheria inampa baada ya miaka yake. Aliyebisha hodi akaomba kwa adabu, huyo ni mgeni. Na mgeni hata akikaa miaka mia, nyumba si yake.

Nikauliza, kwa hiyo ile achari? Kasema, achari ndiyo ushahidi mbaya kuliko yote.

Clive alikuwa ananirudisha, tukasimama kwenye taa nyekundu. Kasema: chupa ishirini, Gaynor. Chupa ishirini za vitunguu, ili tusiwe na ardhi. Nikaanza kucheka, naye akacheka, gari la nyuma linatupigia honi. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa juu ya ngazi na koti langu mwilini.

Bila kipande kile Jodie na Dawid hawanunui. Dawid kasema wazi kwa dalali: gari la kazi haliwezi kulala barabarani, mara mbili limevunjwa, vifaa vimeibwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Muujiza! Bi Mirza kapiga simu saa tatu asubuhi. Kaniuliza Mzee Ormerod alikufa lini. Februari 2011, nikasema, theluji ilikuwa bado iko mitaroni. Kasema basi sikiliza. Ruhusa ya mtu hufa naye. Kuanzia siku ile mlikaa pale bila ruhusa ya yeyote. Miaka kumi na mitatu imepita. Inatosha na kubaki.

Kuna mwingine aliyekuruhusu baada yake? kauliza.

Hapana, nikasema. Nilisema mbio, kwa furaha tu, kama mtoto anayetaka kuruhusiwa kutoka darasani.

Nimemwambia Clive. Nimemwambia Shelley. Nimemwambia Bernice juu ya ukuta, naye kasema sasa ninyi ni matajiri wa mashamba, msitusahau. Nimewaambia kuku. Nimeoka keki, na si ya kuuzia nyumba safari hii.

Jumatano, 16 Oktoba

Tamko limekuja kwa posta, kurasa tatu. Jina langu liko juu, kwa herufi kubwa: MIMI, GAYNOR ANN HARGREAVES. Sijawahi kuona jina langu limevaa suti. Nitaapa Jumatatu mbele ya wakili mwingine, si Bi Mirza, lazima awe mtu wa nje. Kisha mikataba inabadilishwa Ijumaa tarehe ishirini na tano, kuhama wiki mbili baadaye. Bwana Sedgwick kakubali Ijumaa, si siku moja zaidi, mwanawe keshapata mnunuzi mwingine anayengoja mlangoni.

Jioni Jodie na Dawid walikuja na utepe wa kupimia. Dawid kapima lango, Clive kashika ncha ya pili, wote wawili wanaongea inchi kama watu wa kanisa moja. Jodie kanionyesha kwenye simu rangi atakayopaka jikoni kwangu. Njano. Nikasema nzuri sana. Ni mbaya, lakini ni njano ya mtu mwenye furaha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilikuwa nasoma tamko kwa sauti nikijifunza, maana nisiposoma mara nyingi maneno marefu hunikwama. Nikafika kifungu cha saba. "Tangu kifo cha Bwana Ormerod sijawahi kuomba wala kupewa ruhusa na mtu yeyote."

Kifo. Nikaona mazishi.

Kanisa la Kimethodisti, ukumbi wa nyuma, sandwichi za nyama ya nguruwe zimekauka pembeni. Foleni ya kumpa pole binti yake, Rosalind, aliyetoka Wales. Glavu nyeusi. Mimi na Clive – hapana, Clive alikuwa nje na wavuta sigara. Mimi peke yangu. Nikamshika mkono. Nikasema pole sana, mpenzi, baba yako alikuwa mtu mwema. Na kwa kuwa sijui kunyamaza mbele ya mtu anayelia, nikaongeza: natumaini hutajali kuhusu wale kuku.

Naye akasema, hata kidogo, mpenzi. Kaa na kile kipande muda wote unaotaka.

Sikuwa nimekumbuka. Naapa sikuwa nimekumbuka Jumatatu nilipomwambia Bi Mirza hapana. Lakini sasa nimekumbuka, hadi pete aliyovaa juu ya glavu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia Clive wakati wa chai.

Hukusema, kasema. Ulitaka kusema.

Nilisema.

Nani alisikia?

Mimi. Na yeye.

Yeye alikuwa anamzika baba yake, Gaynor. Hakumbuki hata nani alikula nini. Na ile haikuwa ruhusa, ni maneno ya mazishi. Kila mtu husema ndiyo mazishini. Ungemwomba figo angekupa.

Nikamwambia, kifungu kinasema kuomba wala kupewa. Niliomba. Nilipewa.

Akasimama, akaweka kikombe kwenye sinki, polepole, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika. Miaka thelathini na mitano, kasema, unaomba samahani hata kwa milango. Mara moja tu katika maisha yako, kaa kimya.

Magoti yake yale yamepanda ngazi zetu kwa miaka. Najua anachokitaka.

Nikampigia Shelley. Nilitaka aniambie nisisaini. Nilitaka mtu mwingine alibebe jambo hili. Akasema, Mama, ni sandwichi tu. Kisha akasema jana presha yangu ilipanda tena, sikutaka kukwambia, wanataka nilale ubavu siku nzima, Neil yuko kazini, nikitaka maji nampigia simu mwanamke wa ghorofa ya juu. Halafu kasema: siyo kwamba nakusukuma. Nilimsikia anajitahidi kutonisukuma. Ni vibaya kuliko kusukumwa.

Bernice kasikia kila kitu, ukuta ni mwembamba. Mpenzi, kasema, mimi ningesaini mara mbili, ya pili kwa jina la mume wangu wa kwanza.

Nimeipiga pasi blauzi ya bluu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Naandika yote kwa mpangilio nisije nikasahau.

Yule wakili mwingine yuko juu ya duka la viatu. Mzee mwembamba, sweta ina tundu kiwikoni, Biblia kaiweka tayari. Clive kabaki garini kwa sababu ya ngazi. Mzee kaniuliza: hili ni jina lako? Ndiyo. Umelisoma tamko lote? Mara tisa. Akacheka kidogo. Yaliyomo ni kweli?

Nikamwuliza, je, tunaweza kufuta neno moja?

Lipi?

Kifungu cha saba. Kisha nikaona kwamba si neno moja. Ni kifungu chote.

Kasema, bibi, mimi sijui mambo ya ardhi yako, hayanihusu. Kazi yangu ni ndogo. Naangalia mtu anasema hiki ni kweli. Kama si kweli, kalamu ni yako, irudishe kwenye kopo tu, sitakutoza kitu.

Nilishika ile kalamu. Nilimfikiria Shelley amelala ubavu. Nilizifikiria dakika kumi na moja. Nilisema moyoni, Rosalind hakumbuki, Mzee amekufa, sheria yenyewe ni ya ajabu, inampa mkorofi inamnyima mwenye adabu, nani ataumia? Na kila nilipofika hapo nilijiona Desemba nimemshika yule mtoto, na kifungu cha saba kiko baina yetu kama nepi chafu.

Nikairudisha kalamu kwenye kopo.

Clive alikuwa amerudi garini na pai za nyama, mbili. Nikaingia garini. Akanitazama usoni. Akanipa pai moja. Tukala. Mwishowe kasema: nilijua tangu ulipoipiga pasi ile blauzi. Mtu haendi kusema uongo na blauzi ya kanisani. Kisha, akiwa bado anatafuna: ningekuwa mimi ningesaini. Nikasema najua. Akasema, ndiyo maana hawakuweka jina langu.

Bi Mirza nilimpigia nikiwa garini. Nikamweleza mazishi, sandwichi, glavu. Kisha kasema umefanya vizuri, Bi Gaynor, na sina habari njema. Lazima awaambie leo hii mawakili wa Jodie na Dawid kwamba tamko halitakuja. Hawezi kukaa nalo moyoni, kama mimi nisivyoweza. Benki yao itakwama.

Nikamwuliza hakuna njia? Kasema ipo moja. Ardhi ni ya Rosalind, aliirithi. Anaweza kuiuza kihalali, kwetu au moja kwa moja kwa Jodie na Dawid. Karatasi zake ataziandaa yeye, Bi Mirza, usiku na mchana akihitajika. Lakini Rosalind akubali, ampate wakili, atie saini, yote kabla ya Ijumaa. Siku nne. Kasema, nimeona mambo magumu kuliko hilo yakiwezekana. Nikamwuliza mangapi. Kasema, moja.

Moyo ulianza kudunda tena. Siwezi kueleza. Nilipaswa kulia, na badala yake nilikuwa nampiga Clive begani, endesha, endesha.

Shelley, akiwa amelala ubavu, kampata Rosalind ndani ya dakika ishirini. Ana banda la kutunza mbwa wa watu kisiwani Anglesey. Simu haipokelewi, mashine inasema yuko nje anatembeza mbwa, acha ujumbe. Niliacha. Nilisema vibaya, nilijitaja jina mara tatu, nikasema kuku, mashine ikanikatia. Kuna anwani ya barua za mtandao. Shelley kasema nimwandikie kwa mkono wangu, Clive apige picha, yeye ataituma. Kasema, Mama, andika kama unavyoongea. Sauti yake ilikuwa imerudi. Hakuzungumzia presha na mimi sikuuliza.

Jodie katuma ujumbe, dalali kamwambia. Nilidhani atanitukana. Kaandika: Dawid kasema tunaweza kungoja hadi Ijumaa saa sita, baada ya hapo benki itaiondoa ofa ya mkopo. Na kaweka moyo wa njano.

Bernice kapita mbele ya dirisha, kasimama, kaonyesha kidole gumba juu, kisha chini, kisha juu, kuuliza. Nikamwonyesha kwamba sijui.

Nimeharibu karatasi nne. Ya tano ndiyo hii, nainakili hapa kabla Clive hajaichukua, yuko mlangoni, simu mkononi, ananiambia mwanga unaondoka.

"Mpendwa Rosalind,

Mimi ni Gaynor Hargreaves wa nyuma ya kiwanda cha baba yako. Pole kwa ule ujumbe wa kuku. Tulishikana mikono siku ya mazishi ya baba yako. Nilikuomba tuendelee na kile kipande, ukaniambia kaa nacho muda wote unaotaka. Labda hukumbuki. Mimi nakumbuka, na kwa sababu nakumbuka siwezi kuapa kwamba ni changu.

Tunauza nyumba ili niwe karibu na binti yangu, anayejifungua Desemba na haruhusiwi kunyanyua kitu. Wanunuzi wanakitaka kipande hicho, bila hicho hawanunui, na sisi hatuhami. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Wakili wangu ni Bi Mirza, namba yake iko chini, atakueleza vizuri kuliko mimi, na gharama za wakili wako tutalipa sisi.

Rosalind, umekuwa mwema, na baba yako alikuwa mwema, lakini safari hii tafadhali usiniruhusu. Ruhusa zenu ndizo zilizonifikisha hapa. Niuzie. Au sema hapana, niende nikawaambie watu mapema. Lolote utakaloamua, nijibu upesi, usingoje kumaliza kutembeza mbwa. Nimekaa karibu na simu."